Kupanda Kinder Scout Siku ya Baridi

Kati ya miji mikubwa ya Manchester na Sheffield, katika Uingereza, iko nchi ya vilima ambayo wafanyakazi wa miji hiyo huipenda mno. Kilima kilicho kirefu kuliko vyote ni Kinder Scout, chenye kimo cha futi 2,087. Mtu wa Kenya aweza kucheka akisikia hivyo, kwani mji wa Nairobi uko juu zaidi ya mara mbili kuliko kilele hicho. Lakini mlima haupimwi kwa futi peke yake. Mwezi wa Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa mbili ya asubuhi, na kabla ya saa kumi ya alasiri limekwisha kutua.

Siku moja ya mwezi huo watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, walishuka kwenye gari moshi katika kijiji cha Edale. Kabla ya kuondoka, kiongozi wao alikagua viatu, makoti ya mvua, chakula na tochi. Yeye mwenyewe alichukua ramani na dira. Kisha akamweka mtu mmoja nyuma ya wote, akaagiza kwamba asiachwe yeyote nyuma ya huyo, na kwamba mwendo wa kundi uwe mwendo wa yule aliye mpole kuliko wote.

Njia ilipita katikati ya mashamba ya kondoo. Huko sheria huilinda njia ya watu wote ijapokuwa imepita katika shamba la mtu. Mwenye shamba hana ruhusa ya kuiziba, wala mpita njia hana ruhusa ya kuharibu mali. Kuta za mashamba hujengwa kwa mawe matupu, bila udongo wala saruji, na jiwe moja likiangushwa, mengine huweza kufuata. Katika majira hayo kondoo majike wana mimba. Mbwa akiwafukuza huweza kuziharibu mimba hizo, na hasara humwangukia mkulima. Basi mbwa wa kundi lile alifungwa kamba, na kila lango lililofunguliwa likafungwa tena.

Baada ya mashamba walifika mahali paitwapo Ngazi ya Yakobo. Husimuliwa kwamba zamani mkulima mmoja jina lake Jacob alichonga vidato hapo, ili yeye apande kwa mkato huku farasi wake mwenye mizigo akizunguka kwa njia ndefu. Juu ya ngazi hiyo upepo uliwapiga usoni. Nchi ya juu ni tambarare, yenye udongo mweusi unaoshika maji kama sifongo, na siku ile umeganda kwa baridi.

Walipofika sehemu iitwayo Kinder Low walitazama upande wa magharibi, ambako kiko kijiji cha Hayfield. Kutoka huko, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana walipanda mlima huu bila ruhusa. Wakati ule matajiri waliufungia watu nje, wapate kuwinda ndege wa mwituni wafananao na kwale. Vijana walipigana na walinzi, na watano kati yao wakafungwa gerezani. Lakini jambo lile halikusahauliwa. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya mbuga za taifa, na mwaka 1951 vilima hivi vikawa mbuga ya kwanza ya namna hiyo katika Uingereza. Sheria ya mwaka 2000 iliwapa watu haki ya kutembea katika nchi kubwa ya milima isiyolimwa. Mwaka 2002 Duke wa Devonshire, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa wenye ardhi ile, aliomba radhi mbele ya watu.

Walikuwa wangali wanatazama Hayfield ukungu ulipowafunika. Maporomoko ya maji ya Kinder, ambayo wakati wa upepo mkali maji yake hurushwa juu kama moshi, yalikuwa mbele yao mwendo usiofika hata maili mbili. Kijana mmoja alisema wametoka mbali, na ni aibu kurudi bila kuyaona. Kiongozi alitazama saa yake, akatazama na yule mtu wa nyuma, ambaye alikuwa amekwisha kuchoka. Kisha akakumbusha habari za Machi 1964, wakati vijana watatu wa skauti walipokufa kwa baridi na mvua katika vilima vya jirani, wakiwa katika mashindano ya kutembea. Baada ya msiba huo vikundi vya waokoaji wa vilima hivyo viliungana, na hata leo watu hao hutoka usiku bila mshahara. "Maporomoko hayahami," akasema kiongozi. "Tutarudi."

Wakageuka, wakashika njia ile ile. Walipofika kwenye mashamba, jua lilikuwa limekwisha kutua na tochi zimewashwa. Watu kumi na mmoja walipita katika lango la mwisho. Yule wa nyuma alipita wa kumi na mbili, akalifunga, akalitikisa kuhakikisha kwamba limeshika, ndipo akawafuata wenzake kwenye gari moshi.