Maua ya Stesheni ya Kahe

Wanaosimulia mwaka 1977 husimulia ndege, mabehewa na fedha zilizogombaniwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi pale Kahe, ambapo reli ya Voi inakutana na ile inayotoka Tanga kwenda Moshi. Kwangu mimi mwaka ule ni habari ya bustani.

Kazi ya baba ilikuwa kubadilisha reli ili kila treni ishike njia yake. Baina ya treni moja na nyingine alikabidhiwa maua ya stesheni: safu ya kana nyekundu mbele ya ofisi, na vinka nyeupe na za waridi kando ya jukwaa. Kahe ni nchi ya joto na vumbi, kwa hiyo maua yaliishi kwa maji ya ndoo. Ni maua ya kudumu, lakini vinka nayo huzeeka, na kila mwaka palihitajika ya kuziba mapengo. Mbegu zilitoka upande wa pili wa mpaka, Kenya, kwenye pakiti alizoletewa na gadi mmoja wa treni ya Voi. Februari ile Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Gadi hatukumwona tena, wala pakiti.

Baba akaamua kuvuna mbegu zake mwenyewe, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Desturi ya stesheni ilikuwa ua likinyauka tu likatwe. Baba akaweka mkasi chini. Vichwa vya kana vikakauka, vikawa vya kahawia, na bustani ikachakaa mbele ya abiria.

"Ndugu, hapa ni stesheni au makaburini?" stesheni masta akamuuliza.

"Mkuu, tukilikata kila ua kabla halijazaa, mwakani tutapanda nini?"

Akaruhusiwa kwa shingo upande.

Vinka ndiyo iliyotusumbua. Mbegu zake hukaa ndani ya vijiganda vyembamba, viwili viwili, na vikikauka hupasuka na kuzimwaga chini, ndogo na nyeusi, hazionekani kwenye udongo. Ukivichuma vikiwa bado kijani kibichi, umechuma mbegu changa. Nilitumwa kuvikagua asubuhi kabla ya shule: kilichogeuka manjano nikichume. Tulizianika kivulini juu ya gazeti, kamwe si juani, kisha zikaingia kwenye bahasha za kaki pamoja na majivu kidogo ya kuzuia wadudu. Wakati wa kusia, baba alitoboa makopo matako, akachanganya mchanga na samadi iliyooza, akazifukia kidogo tu na kufunika makopo kwa gunia, maana mbegu ya vinka hupenda giza. Miche ilipochungulia, gunia likaondolewa siku hiyohiyo.

Kana ilikuwa na ukaidi wa aina nyingine. Mbegu zake, zile ambazo watu huzitungia tasbihi, ni ngumu kama gololi. Tulizisugua moja moja kwenye kokoto za reli mpaka weupe wa ndani ukaonekana, tukaziloweka usiku kucha katika maji ya uvuguvugu. Zisizosuguliwa zilikaa udongoni zikitutazama. Baba angeweza kugawa mizizi tu, na aligawa, lakini bahasha ya mbegu ilikuwa rahisi kumpa dereva aifikishe Same, Mombo na Korogwe, ambako wenzake nao walikuwa na mapengo.

Kana hizo zilipochanua, wekundu wa stesheni ulikuwa umepotea nusu. Palitokea za manjano, na nyingine za rangi ya chungwa zenye madoa. Kana za bustani ni machotara, na nyuki hawaulizi rangi. Stesheni masta alinung'unika kwamba safu haina nidhamu. Abiria walishuka kuzitazama, na wengine waliomba mbegu dirishani kabla treni haijaondoka.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Pakiti zikaanza kuonekana tena kupitia Taveta, na baba alizinunua bila kinyongo, kwani hakuwa mtu wa kudharau kilicho rahisi. Lakini kila mwaka aliiacha safu ya nyuma ikauke yenyewe. Stesheni masta mwingine, mgeni wa mambo yale, alimwita akamwonyesha yale mabua ya kahawia, akamwambia afyeke takataka ile.

"Si takataka, Mkuu," baba akamjibu. "Ni akiba ya siku watakapogombana tena."