Adapta mbili "zilizokufa" Makongeni

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi. Wiki iliyopita rafiki aliniuliza kwa nini waifai ya kompyuta yake inakataa Linux, na kabla sijamjibu nikakumbuka aibu niliyoipata Makongeni mwaka 2021. Acha niwasimulie, maana ndani yake kuna somo la draiva ambalo sikulipata chuoni.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza digrii ya kompyuta na sina kazi. Mtaani kwetu, kwenye zile nyumba za reli, palikuwa na mzee mwenye saiba ya kompyuta sita. Windows zake zilikuwa zimejaa virusi. Nikamshawishi tuweke Debian 11, ya bure tena halali. Akakubali, akaenda Luthuli Avenue akanunua adapta sita za waifai za USB: boksi za rangi moja, jina moja, bei moja. Nne zikashika mtandao. Mbili zikakataa katakata.

Nilifanya nini? Nilizichomoa, nikazichomeka tena, kisha nikasema kwa sauti ya msomi: "Mzee, hizi zimekufa. Zirudishe." Akapanda matatu hadi mjini. Jioni akarudi nazo. Muuzaji alizijaribu kwenye Windows yake, zote zikafanya kazi, akakataa kubadilisha. Mzee akaziweka mezani. "Kijana, vifaa ni vizima. Jumatatu watoto wanakuja kujaza fomu za chuo. Kama hazitashika, rudisha Windows."

Usiku ule ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo.

Kwanza nikachukua adapta nzima nikaichomeka kwenye kompyuta iliyokuwa inakataa. Ikashika. Basi kompyuta na tundu la USB havikuwa na kosa.

Pili nikaandika `lsusb`. Amri hii huonyesha namba mbili za kila kifaa: ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe. Zile nne nzima zilisema 0cf3:9271, yaani chipu ya Atheros AR9271. Moja ya zilizokataa ilisema 0bda:8176, chipu ya Realtek. Ya pili ilikuwa na namba nyingine kabisa. Boksi moja, vitu vitatu tofauti!

Hapa ndipo penye siri. Keneli ya Linux haisomi jina la boksi. Kila draiva ya USB hubeba orodha ya namba inazozijua, na kifaa kikichomekwa, keneli hutafuta namba yake kwenye orodha hizo. Watengenezaji nao hubadilisha chipu bila kubadilisha jina. Mfano unaojulikana ni TP-Link TL-WN722N: toleo la 1 lina AR9271, toleo la 2 lina RTL8188EUS. Jina ni lile lile, draiva ni tofauti.

Tatu nikasoma `dmesg`. Kwa ile ya 0bda:8176, draiva rtl8192cu iliitambua, lakini ilitafuta faili ya firmwea ikapata kosa -2, maana yake faili haipo. Diski rasmi za Debian wakati huo hazikubeba firmwea zisizo huru. Hilo lilibadilika na Debian 12, Juni 2023. Nikashusha furushi la firmware-realtek kupitia kompyuta iliyokuwa na mtandao, nikaliweka, ikashika.

Ile nyingine, `dmesg` ilisema tu kwamba kifaa kipya kimeonekana, kisha kimya. Hakuna draiva iliyoidai. Nikaifungua kwa kisu, nikamulika kwa simu: RTL8188CUS. Chipu ya familia ile ile, ila namba yake haikuwa kwenye orodha. Nikaweka firmwea, nikaita draiva kwa `modprobe rtl8192cu`, kisha nikaandika namba zake mbili kwenye `/sys/bus/usb/drivers/rtl8192cu/new_id`. Taa ikawaka. Kwa kuwa kompyuta ikizimwa hili husahaulika, nikaiweka amri hiyo isomwe kila inapowaka. Lakini usifanye hivi kabla hujaijua chipu. Kumlazimisha draiva kuendesha asichokijua ni kutafuta balaa.

Ona basi: dalili ilikuwa moja, "waifai haishiki", lakini magonjwa yalikuwa mawili, na hakuna lililokuwa kifo. Mimi mwenye digrii nilitangaza msiba bila kupima mgonjwa, na nauli ikatoka mfukoni mwa mzee.

Jumatatu kompyuta zote sita zilikuwa na mtandao na foleni ilifika nje. Mzee hakunisifu. Aliniambia tu: "Siku nyingine ukisema kitu kimekufa, nionyeshe maiti."

Kwa hiyo, rafiki yangu uliyeniuliza, nitumie kwanza majibu ya `lsusb` na `dmesg`. Jina la boksi baki nalo. Haya, tuonane tena.