Mkosaji Ajulikanaye

Disemba ifikapo, mabasi yatokayo Dar es Salaam hupanda kwenda Moshi yamefurika watu, na makabila mengine hucheka kuwa Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Mzaha huu umezoeleka, wala haumchomi mtu. Katika mizigo yao, pamoja na mchele, sukari na vitenge vya akina mama, hukosi kuona vitabu. Maana likizo ya mlimani ina ukungu wa asubuhi na matone ya mvua juu ya migomba, na siku isiyokuwa na arusi wala kipaimara huwa ndefu. Vitabu hivyo aghalabu ni vya namna mbili. Vijana wa kiume huchukua hadithi za upelelezi. Wasichana huchukua hadithi zilizotungwa na wanawake. Kila upande huudharau mzigo wa mwenziwe. Wa kwanza husema kuwa vitabu vya wanawake ni vilio vitupu, na wa pili hujibu kuwa vitabu vya upelelezi ni bastola na magari tu.

Yuko mwalimu mmoja mstaafu wa Old Moshi, mwanamke mtu mzima, ambaye ameipiga vita dharau hii kimya kimya kwa miaka mingi. Alisomesha Kiswahili katika shule za sekondari, na sasa analima kahawa kidogo na ndizi nyingi. Sebuleni mwake mna kabati la vitabu, na wanafunzi wa vyuo humwendea kuazima. Desturi yake ni moja, nayo haivunjwi: hamwazimi mtu kitabu kimoja. Atakaye hadithi ya upelelezi hupewa na hadithi ya mwanamke juu yake; atakaye hadithi ya mwanamke hupewa na ya upelelezi. Vyote viwili huandikwa katika daftari, na vyote viwili hurudishwa siku moja.

Kwa upelelezi, Mwalimu huanza na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kitabu chake *Mzimu wa Watu wa Kale* kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kutunga hadithi ya mwaka 1957 na 1958, kikatolewa mwaka 1960. Ndani yake msomaji hukutana na Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum. Kwamba mtungaji alimjua Sherlock Holmes halifichiki, lakini Bwana Msa si Mwingereza aliyevikwa kanzu. Maiti imeonekana penye mzimu. Watu wote wanajua, au wanadhani wanajua, kuwa mzimu umekasirika. Bwana Msa hapingani nao kwa makelele. Hutazama, hunyamaza, kisha hutafuta ni nani katika walio hai aliyepata faida kwa kifo kile. Kwa Mwalimu, utamu wote wa kitabu uko hapo. Kuua kunachukua kurasa chache. Kilichobaki ni mafunzo ya kutoridhika na jibu la wengi.

Baada ya hapo hupita mbio. Faraji Katalambulla aliihamishia hadithi ya upelelezi Dar es Salaam kwa *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba kwa *Kufa na Kupona* mwaka 1974, na hapo mpelelezi si mtu wa kiko tena bali ni askari wa siri wa nchi yake, anayefuata hadi Nairobi nyaraka zilizoibwa za wapigania uhuru. Kijana asiyeuona wakati ule, Msumbiji na Angola zilipokuwa bado chini ya Wareno, huujua kwa kukimbizana na Gamba kuliko kwa kitabu cha historia, na hilo si jambo dogo. Ben Mtobwa naye alikuwa na Joram Kiango wake; lakini kitabu chake ambacho Mwalimu hukitoa kwa moyo mmoja ni *Dar es Salaam Usiku*, cha mwaka 1990. Lawama yake kwa hao wote watatu ni moja. Wanawake wa vitabu vyao ni wazuri mno, nao huingia chumbani ama kwa usaliti ama kama zawadi ya mshindi. Ni nadra kumwona mmoja wao akiwa na mama, au akidaiwa ada ya mtoto.

Rafu ya pili ina jambo ambalo watu hupita bila kuliona, mpaka Mwalimu awasomeshe migongo ya vitabu kwa sauti. *Hatia*, mchezo wa Penina Muhando, 1972. *Hana Hatia*, wa Martha Mvungi, 1975. *Kiu ya Haki*, wa Zainab Mwanga, 1983. *Mwisho wa Kosa*, wa Zainab Burhani, 1987. Hatia, haki, kosa: mtu angedhani kuwa rafu hii ndiyo ya upelelezi, na kwamba majina yake yameokotwa mahakamani. Rafu ya wanaume ina mizimu, visima, simu na vikosi. (Iko *Kosa la Bwana Msa*, ya mwaka 1984, lakini hapo anayetiwa kosani, kwa jina la kitabu, ni mpelelezi mwenyewe.) Waliofanya kazi ya kuandika juu ya uhalifu hawakulihitaji neno hatia, waliolihitaji ni wanawake walioandika juu ya ndoa, mimba, kazi na njaa.

Sababu yake, kwa fikira za Mwalimu, ni kuwa hadithi ya upelelezi ina mkosaji asiyejulikana, na watu wote wanamtafuta. Katika hadithi za wanawake mkosaji anajulikana tangu mlango wa kwanza. Anasalimiwa njiani, anakaribishwa kiti, wala hakuna amtafutaye. Chukua *Shida* ya Ndyanao Balisidya, ya mwaka 1975. Chonya na Matika wanatoka katika ardhi kavu ya Ugogo na kuingia mjini, na mji unawapokea jinsi unavyowapokea. Nani ashtakiwe hapo? Ukame? Mji? Wanaume wanaonunua? Kila mmoja amefanya sehemu yake, na kila mmoja ana udhuru wake.

Watu wa Old Moshi hawahitaji kufundishwa kuwa kesi ya namna hii iko. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900. Kichwa chake kinasemekana kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai wa Tanzania, mojawapo likiwa la mshauri wa Mangi Meli. La Mangi mwenyewe halikuwamo. Aliyeua anajulikana kwa jina la dola lake. Kitafutwacho ni maiti.

Wapo wanafunzi wanaonung'unika kuwa kabati la Mwalimu limezeeka. Kwao hao hutoa vipya. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2015, riwaya ya kwanza ilikuwa *Penzi la Damu* ya Anna Samwel Manyanza, na ya pili *Kolonia Santita* ya Enock Maregesi, hadithi ya wapelelezi na wauza madawa ya kulevya. Waamuzi, pengine bila kukusudia, walifuata desturi ya nyumba ya Old Moshi: mwanamke juu, upelelezi chini yake. Mwaka 2018 tuzo hiyo ilimwendea Zainab Alwi Baharoon kwa *Mungu Hakopeshwa*, jina lingine tena la deni na malipo.

Likizo iliyopita alikuja kijana wa mwaka wa pili wa chuo, kitinda mimba wa nyumba ya jirani. Baba yake alikuwa amefariki mwezi wa Agosti. Kihamba, kwa desturi, kingekuwa chake. Katika nyumba ya marehemu mama yao alikuwa akikaa dada yake, aliyerudi kutoka kwenye ndoa na watoto wawili. Ndiye aliyemwuguza baba, na ndiye aliyekuwa akichuma kahawa na kuuza ndizi sokoni. Baba zao wadogo walikuwa wamesema kuwa ifikapo Pasaka awe amehama, kwa kuwa msichana hana kihamba kwao. Jambo hili lilijulikana kwa kila aliyepita kwenye mfereji kuteka maji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini sheria haiteremki yenyewe mpaka kwenye mstari wa masale.

Kijana aliomba kitabu cha kupotezea siku. Alipewa *Mzimu wa Watu wa Kale* na *Shida*. Akavirudisha baada ya siku tano, akamsifu Bwana Msa muda mrefu, chai ikapoa. Juu ya kitabu cha pili alisema tu:

"Hiki hakina mpelelezi, Mwalimu."

"Kweli hakina. Angekuwamo Bwana Msa, angeanza kwa kuuliza nini, mwanangu?"

"Angeuliza nani anafaidika."

Akanyamaza. Mwalimu hakuongeza neno. Alikusanya vikombe akavipeleka jikoni, akakaa huko zaidi ya haja. Aliporudi, kijana alikuwa amesimama mbele ya kabati, anasoma migongo ya vitabu. Aliomba viwili: kimoja chake, na *Hana Hatia* kwa ajili ya dada yake.

"Unaijua desturi," Mwalimu alisema, akifungua daftari. "Vinarudi pamoja, siku moja. Basi na vikae nyumba moja."

Mwezi wa pili dada alikuja mwenyewe, na mtoto mgongoni, kuleta salamu na mkungu wa ndizi. Vitabu hakuvileta. Alisema bado wanasoma, na kwamba mdogo wake alikuwa ameandika barua kwa baba wadogo kutoka chuoni. Kikao cha ukoo kilikuwa bado hakijaitwa. Mwalimu alitazama daftari, akasogeza tarehe ya kurudisha mbele ya Pasaka.