Deni langu, deni letu, na mke wangu aliyegoma

Nilipotea, nakiri. Msimu wa mavuno ukifika huku bonde la Rukwa kila mtu anakuwa mkulima, hata sisi wa kalamu na daftari. Nimeshinda Majimoto nikipiga mpunga na kuhesabu magunia, na sasa nimekaa kwenye kibaraza nikisubiri gari la kunirudisha Mpanda kazini. Kwa wasiopajua, Majimoto iko Mpimbwe, mkoani Katavi, mbele kidogo ya Kibaoni nyumbani kwa Mtoto wa Mkulima, Mzee Pinda. Jina limetokana na chemchemi ya maji ya moto. Joto lenyewe halihitaji chemchemi, ukishuka tu kwenye gari unalipata.

Leo nataka kusema habari za madeni. Sio ya taifa, hayo nayaandika gazetini. Ni ya nyumbani kwangu.

Mimi nafanya kazi Mpanda, mke wangu yuko Majimoto na mtoto, ana genge lake la nyanya, mafuta ya kupima na vitunguu. Mshahara wangu ukitoka, kwanza Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 yao, maana nilisoma kwa mkopo kama wengi wetu. Hilo deni silalamikii. Linakatwa kabla sijaliona, halinigongei mlango. Tena kuanzia Julai 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, kwa hiyo angalau ukilipa unaona linapungua. Ningetamani madeni yote yawe na adabu hiyo.

Yaliyonitoa jasho ni mengine.

La kwanza ni la mpunga. Januari 2024 tulikuwa na ekari tatu, majani yamepanda, hela ya palizi hakuna. Nikaenda kwa mzee mmoja hapa kijijini anayekopesha watu wakati wa njaa. Alinipa shilingi 240,000 na tukakubaliana nitamlipa gunia sita wakati wa mavuno. Yaani kila gunia kalinunua kwa 40,000 likiwa bado ni majani. Juni ilipofika gunia lilikuwa 70,000. Piga hesabu mwenyewe: nimechukua 240,000, nimelipa mali ya 420,000. Na mzee hakunidanganya hata neno moja, tulipeana mikono. Wakulima wengi wa huku ndivyo wanavyolima, mpunga unakuwa na mwenyewe kabla haujatoa suke.

La pili ndilo lile mnaloliita kausha damu. Oktoba 2024 pikipiki iliua injini, na wakati huohuo nilikuwa nimeahidi mchango wa harusi ya binamu (nilikuwa kwenye kamati, utasemaje huna?). Nikakopa 500,000. Marejesho wiki kumi, kila wiki 65,000. Fomu ilitaka dhamana, nikaandika televisheni, makochi na kitanda. Halafu ikataka sahihi ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mtu kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, wakopeshaji wetu wao wanataka ridhaa hata kwa kochi. Nikampa mke wangu kalamu, nikamwonyesha pa kusaini. Akasaini. Hakuuliza, nami sikueleza. Kumbukeni hapo.

Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwenye simu bila leseni. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta maoni ya wananchi Mpanda. Nikazunguka sokoni na stendi nawauliza akina mama kwa nini wanakopa mikopo umiza, nikaweka na ile ya kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu, na kwamba riba yao haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Habari ilitoka nzuri. Siku ilipotoka nilikuwa sijapeleka rejesho la saba, na afisa mikopo ananipigia simu nikiwa chumba cha habari. Mimi, ambaye 500,000 yangu ilikuwa inazaa 150,000 ndani ya wiki kumi, nawafundisha wengine kiwango cha riba!

Desemba nikafanya alichofanya kila niliyemhoji. Nikakopa kwingine kumaliza kule. Safari hii 400,000, kurudisha 520,000, kila wiki 52,000.

Mkesha wa mwaka mpya nikaamua basi, mwaka unaokuja tunalipa. Nikachukua daftari nikaandika: kausha damu yamebaki 416,000, duka la jirani 87,000 ya sukari na sabuni, kaka yangu wa Mpanda 150,000. Jumla 653,000. Nikamwita mke wangu, nikamsomea kama nasoma taarifa ya habari. Nikamwambia tutabana matumizi, nyama mara moja kwa mwezi, vitenge vya sare za sherehe basi. Na nikamalizia na lile lililokuwa moyoni. Kikoba chao kilikuwa kimevunjwa wiki moja kabla ya Krismasi, yeye kapata gawio lake 310,000. Nikasema hiyo tukiiweka kwenye kausha damu tunabaki na laki moja tu na kidogo.

Akanyamaza. Akaendelea kukunja nguo za mtoto. Halafu akasema, "Hiyo hela ina kazi yake."

"Kazi gani inayozidi deni, mama?"

"Deni la nani?"

Wadau, nilikasirika. Nikasema deni la nyumba, na hata sahihi yako ipo. Akasema, "Nilisaini kwa sababu ulisema saini. Uliniuliza?" Akabeba nguo zake akaingia ndani.

Januari nzima ikawa hivyo. Mimi nimeshika bendera ya kulipa madeni peke yangu. Nikirudi Jumamosi namkuta kanunua kitenge cha sare ya ubatizo wa mtoto wa mwenzake wa kikundi, napandisha sauti. Yeye ananiambia siku akifiwa, wewe na daftari lako ndio mtakaokuja kupika? Siwezi kusema hakuwa na hoja. Lakini kujinyima ugali na dagaa mjini, halafu unaona mwenzio wala hashtuki, kunavunja moyo kuliko deni lenyewe. Kuna siku nilifikiri niache tu, waje wachukue makochi, yeye ndiye anayekaa nayo muda mwingi.

Kisha likatokea la simu. Aliazima simu yangu kumpigia mama yake, ujumbe ukaingia: unadaiwa 64,000, lipa leo. Hilo halikuwemo kwenye daftari. Sikuliandika kwa sababu ningeulizwa lilikwendaje, na lilikwenda kwenye mkeka. Timu nane, saba zikashinda, mnajua wenyewe. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alinirudishia simu akasema, "Unataka nifunge mkanda kwa hesabu ambayo wewe mwenyewe unaificha?" Usiku ule nililala nikitazama bati.

Asubuhi nilichukua lile daftari, nikafuta 653,000, nikaandika 717,000 mbele yake. Nikampa namba ya siri ya laini yangu ya pesa. Sio kwa ushujaa, nilikuwa nimeishiwa la kusema. Akauliza maswali ambayo nilipaswa kuulizwa Oktoba: ulikopa lini, unarudisha mpaka lini, ukichelewa faini ngapi. Na swali moja ambalo mimi, mwenye shahada na mwandishi wa habari za uchumi kila zinapokosa mtu, sikuwahi kujiuliza: "Ukilipa yote leo, wanapunguza?"

Nikampigia afisa mikopo. Hapana, shemeji, mkataba ni 520,000, ulipe leo ulipe wiki ya mwisho ni ileile.

Kumbe! Gawio lake lote lingeingia mle lisiokoe hata shilingi. Na ile kazi ya hela niliyokuwa naibeza? Alikuwa tayari ametoa ya palizi na mbolea ya ekari zetu tatu, ili Januari hii nisiende tena kwa yule mzee kuuza magunia ya majani. Hakuniambia kwa sababu, maneno yake, "ungeichukua." Ningeichukua kweli.

Sasa msidhani tangu hapo tukawa kitu kimoja. Tuligombana kuhusu tuanze na lipi. Mimi nilitaka ziada yote iende kwenye la simu, maana lina makato ya kila siku. Yeye akataka duka la jirani kwanza, ingawa halina riba, kwa sababu ndiye anayepita pale kila asubuhi na kujifanya anaangalia upande wa pili. Tukaenda na lake. Kwa hesabu mimi nilikuwa sahihi, ila siku alipolipa ile 87,000 alirudi na kilo ya sukari aliyoinunua taslimu, ameishika mkononi bila mfuko, barabara nzima wamwone. Wiki iliyofuata la simu tukalimaliza.

Kausha damu nililichorea mistari kwa chaki nyuma ya mlango, mstari mmoja kwa kila rejesho lililobaki. Nilikuwa nafuta mmoja kila nikirudi. Yeye aliuita uchafu ule. Februari mwishoni gazeti lilinituma Sitalike kufuatilia habari za viboko wa Mto Katuma, sikurudi nyumbani wiki mbili. Niliporudi nikakuta mistari miwili imefutwa, na marejesho yamepelekwa, moja kutoka hela ya genge. Sikuuliza, naye hakusema. Tulimaliza Machi 2025, tumechelewa, na faini tumelipa. Afisa mikopo aliniuliza kama nahitaji mwingine, sasa nimekuwa mteja mzuri. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni. Nilijibu haraka sana.

Limebaki la kaka. Mpunga huu tumevuna bila kudaiwa hata gunia moja, uko ndani umepangwa mpaka karibu na dari, tunalala nao. Mimi nataka tuuze gunia tatu sasa nimlipe kaka yake tupumue. Yeye hataki. Anasema bei ya sasa ni ya kumpa mchuuzi zawadi, tusubiri mpaka Desemba au Januari, watu wakianza kutafuta. "Kaka yako hana riba," anasema. Namwambia ndiyo, lakini kaka yangu ana mke, na shemeji akinisalimia siku hizi anamalizia na "za Majimoto, tunasikia mmevuna." Hiyo nayo ni riba. Yeye anacheka, anasema huyo shemeji yako ndiye nilivyokuwa mimi kwa mwenye duka, sasa umeelewa.

Jana usiku tumeongea mpaka taa ya sola ikazima yenyewe. Tumefika hapa: gunia haliuzwi. Kwenye kibubu cha genge katoa 50,000, na debe moja la mpunga tumekoboa upate mchele wa kula kwao. Ile laki iliyobaki ataisemea yeye mwenyewe, anataka nimpigie kaka akiwa karibu ili ajieleze ni lini, sio mimi nitoe ahadi zangu za kwenye kamati.

Gari hilo naliona linapiga honi pale sokoni. Mchele nimeuweka miguuni, hela iko mfuko wa shati, na laini ya simu ameshaniambia salio ni kiasi gani kabla sijapanda.