Bahari Ndani ya Nyumba: Siku Moja Katika Kisiwa cha Yas

Mwezi wa Agosti mji wa Abu Dhabi hauna matembezi ya mchana. Joto hupindukia nyuzi 40, na unyevu wa bahari huigandisha nguo mwilini kabla mtu hajafika mwisho wa barabara. Kwa sheria ya nchi hiyo, tangu katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba mfanyakazi haruhusiwi kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa mchana. Wenyeji, nao, huyahamishia maisha yao ndani. Mazungumzo, manunuzi, na hata michezo ya watoto hufanyika chini ya paa, penye hewa iliyopozwa kwa mashine.

Ndiyo sababu viwanja vya burudani vya kisiwa cha Yas, kilicho karibu na uwanja wa ndege wa mji huo, vingi vimejengwa kama majumba. Mwaka 2010 palifunguliwa Ferrari World, na mwaka 2018 Warner Bros. World. Kisha tarehe 23 Mei 2023 pakafunguliwa SeaWorld, kiwanja cha kwanza cha kampuni hiyo nje ya Marekani, ambako ilianza mwaka 1964 katika mji wa San Diego. Ni jumba la ghorofa tano, lenye eneo la mita za mraba 183,000, na ndani yake mmewekwa bahari. Zaidi ya wanyama 100,000 wa majini na wa pwani wanaishi humo.

Sisi tulifika miezi mitatu baada ya kufunguliwa. Tulikuwa tisa: akina mama watatu, watoto watano, na bibi yetu mwenye umri wa miaka 76. Tulikuwa tumekwenda kumzuru dada yetu aliyeolewa huko, na fedha za matembezi tulizichanga kwa mwaka mzima katika chama chetu cha nyumbani. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wasomaji wetu watauliza, na ni haki yao kuuliza. Tiketi za watu tisa hazikuwa jambo dogo. Nyumbani fedha zile zingeilisha nyumba kwa miezi kadhaa. Tulizitoa kwa kujua tunachokifanya, kwa kuwa Bibi hakuwahi kusafiri ila kwenda Hija, na watoto walikuwa wamefanya vizuri katika masomo yao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tangu Januari 2022 mapumziko ya juma katika nchi hiyo ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Kwa hiyo Jumamosi ya kiangazi kila aliye na watoto hutafuta paa la kujisitiri. Foleni ilianza mbali na mlango. Tulisikia Kiarabu cha Ghuba na cha Misri, Kihindi, Kiurdu, Kifilipino na Kiingereza. Mabuibui yetu hayakumshangaza mtu, maana wengi wa akina mama walikuwa wamevaa kama sisi, na kwa kweli hilo peke yake lilikuwa raha kwetu. Mwanamke wa Kiislamu aliyezoea kugeuziwa macho katika sehemu za starehe anajua thamani ya kusimama mahali bila ya kutazamwa.

Tukiwa katika foleni hiyo mama mmoja kijana, mwenye mtoto begani, aligeuka ghafla. "Shikamoo, Bibi," akasema. "Nyinyi watu wa Unguja?"

"Marahaba, mwanangu. Sisi wa Mombasa, na asili yetu ni Vanga."

"Mimi wa Maskati, nimezaliwa huko huko. Lakini mamangu kwao Pemba, na nyumbani kwetu hakusemwi ila Kiswahili."

Kuanzia hapo foleni ikawa fupi. Bibi na yule mama waliulizana habari za karafuu, za samaki na za watu waliokwisha kufariki, na watoto wetu wakashangaa kuisikia lugha yao kwa mtu ambaye hajapata kuiona Pemba wala Mombasa.

Jumba lile limegawanywa katika sehemu nane. Katikati pana ukumbi wa duara uliozungukwa na skrini kubwa, na kutoka hapo milango huelekea kwenye bahari za namna mbalimbali. Ipo ya nchi za joto yenye pomboo na heroe. Ipo ya miamba yenye simba wa bahari. Na zipo za barafu za ncha mbili za dunia, ambamo watoto wetu walitetemeka kwa baridi huku wakiwatazama ngwini. Lipo pia gari la reli liitwalo Manta, la kupanda na kushuka kwa kasi, ambalo vijana wetu wawili walilipanda wakashuka wakiwa kimya kuliko walivyopanda.

Sehemu iliyotugusa mapema ni ile ya bahari ya Abu Dhabi yenyewe. Humo hukumbukwa maisha ya zamani ya Ghuba, wakati lulu ilipokuwa ndiyo mali. Misimu ya kupiga mbizi ilikuwa ni miezi hii hii ya joto. Mpiga mbizi alijibana pua kwa kibanio, akajifunga jiwe mguuni limshushe chini, akaning'iniza kikapu shingoni, na akakusanya chaza kwa pumzi moja. Biashara hiyo ilianguka katika miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Japani zilipojaa sokoni na uchumi wa dunia ukadidimia. Mafuta ya Abu Dhabi yalianza kusafirishwa mwaka 1962 tu.

Tulipokuwa hapo tuliwaeleza watoto mambo mawili. La kwanza, kwamba majahazi ya Ghuba yalikuwa yakifika Mombasa na Lamu kwa upepo wa kaskazi, yakileta tende, mazulia na samaki wa chumvi, na yakirejea kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko. Majumba ya kale ya Ghuba yaliezekwa kwa boriti hizo, na upana wa chumba ulifuata urefu wa mti uliokatwa kwetu. La pili ni zito zaidi: katika waliozama kutafuta lulu wamo watu wa pwani yetu ya Afrika waliopelekwa huko kwa utumwa. Watoto walinyamaza. Tuliona ni bora walijue jambo hilo mbele ya kumbukumbu ya lulu kuliko kuliokota siku moja mitaani, likiwa limepotoshwa.

Kisha tukafika kwenye tangi kubwa. Lina zaidi ya lita milioni 25 za maji, na ndani yake wanaishi samaki na viumbe wengine zaidi ya 68,000. Kioo chake kimesimama kama ukuta wa jumba la ghorofa. Hapo ndipo msongamano ulipokuwa mkubwa kuliko mahali pote. Watu walisimama safu tano au sita, na mikono ya walio mbele iliinua simu juu. Mtoto mfupi aliona migongo ya watu na mwanga wa buluu juu yake. Wengi walikuwa wakiitazama bahari ndani ya simu hali bahari iko mbele yao.

Bibi hakuwa na simu. Aliketi kwenye kiti chake cha magurudumu, kitu alichokikubali kwa shida asubuhi hiyo, akawa anatazama. Papa akapita, kisha taa akapita kama mkeka unaopepea. Ndipo Bibi alipoanza kutaja. "Huyo nyenga. Yule pale chewa, Waarabu humwita hamur. Wale kolekole. Huyu kasa, mwangalieni anavyopiga makasia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayewataja wajukuu wanapoingia mlangoni. Yule mama wa Maskati, aliyekuwa bado pamoja nasi, akawatafsiria kwa Kiarabu waliosimama karibu. Polepole watu wakapisha, watoto wasiojulikana wakasogea wakaketi chini mbele ya kiti, na kila samaki aliyepita wakamwonyesha kwa kidole ili Bibi amtaje.

Lazima tueleze Bibi ni nani. Huko Vanga alikuwa mama karanga. Kwa zaidi ya miaka 40 alinunua samaki ufuoni, akawakaanga na kuwauza, na kwa kazi hiyo aliwasomesha mama zetu. Anamjua samaki kwa magamba yake, kwa harufu yake, na kwa bei yake ya msimu wa kusi na ya msimu wa kaskazi. Lakini alipotulia mbele ya kioo kile alisema neno lililotufanya sisi watatu tutazamane: "Miaka yote hiyo nawajua wakiwa wamekufa. Leo ndiyo mara ya kwanza nawaona wakitembea."

Binti yetu wa miaka 9 naye alikuwa na swali lake. "Hawa samaki wanajua kuwa wako ndani ya nyumba?" Swali hilo si la kitoto. Kampuni ile ilishutumiwa kwa miaka mingi huko Marekani kwa kuwafuga nyangumi wauaji na kuwachezesha mbele ya watu, na mwaka 2016 ilitangaza kuacha kuwazalisha. Kiwanja cha Abu Dhabi hakina nyangumi hao. Karibu yake kimejengwa kituo cha utafiti na cha kuwaokoa wanyama wa baharini waliodhurika. Hata hivyo pomboo wamo ndani ya jumba, na wapo watu wenye elimu wasiolikubali hilo. Tulimweleza binti yetu pande zote mbili, tukamwambia kwamba mnyama ni amana kwa aliye naye, na amana ina mwenyewe atakayeiuliza. Alifikiri kidogo, akasema: "Basi hawa wa kwetu wasio na nyumba, ni amana ya nani?"

Adhuhuri ilipoingia tulikwenda kuswali. Vyumba vya kuswalia vipo, cha wanawake mbali na cha wanaume. Kwa familia itakayokwenda siku za msongamano tunashauri yafuatayo: fikeni kabla ya mlango kufunguliwa, anzeni na lile tangi kubwa, kabla safu za watu hazijaongezeka, chukueni nguo nzito kwa ajili ya sehemu za barafu, na kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye nambari ya simu ya mzazi. Wazee wasione haya kuketi kwenye kiti cha magurudumu, kwani mwendo ni mrefu.

Swali la binti yetu tulirudi nalo Mombasa. Bahari ya Abu Dhabi, ile iliyo nje ya jumba, inakadiriwa kuwa na nguva wapatao 3,000, idadi ya pili kwa ukubwa duniani baada ya Australia. Kwetu Kenya nguva wamebaki wa kuhesabika. Bibi anakumbuka nguva walivyokuwa wakiletwa ufuoni wakiwa wamenaswa katika jarife. Anajua walikokwenda.

Lakini yako mengi yaliyobaki. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa za mwanzo barani Afrika. Hifadhi ya Kisite iko karibu na Wasini, na huko pomboo hufuatana na mashua kwa hiari yao. Zipo mashua zenye kioo chini, ambazo mtu huona matumbawe na samaki akiwa amekaa na buibui lake, bila ya kulowa. Huko Gazi akina mama wa kijiji wana njia yao ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na kiingilio hubaki mikononi mwao. Yote hayo yako kusini na kaskazini mwa Mombasa, umbali wa saa chache kwa gari.

Pamoja na hayo, mahesabu ya familia yetu yanatia haya. Katika sisi tisa, watatu tu ndio waliowahi kupanda mashua ya namna hiyo, na wote watatu ni vijana wa kiume waliopelekwa na shule. Wanawake wa pwani tumekaa ufuoni vizazi na vizazi, tukipika kilichotoka majini, na wengi wetu tumeondoka duniani bila ya kuyatazama ndani. Mtoto asiyekijua kitu hawezi kukionea uchungu kinapopotea. Na hapo ndipo lilipo jibu la yule binti, kwamba amana hii ni yetu, nasi hatujaifungua tukaiona.

Hatujutii kwenda Yas. Jumba lile lilimpa mama karanga wa Vanga kitu ambacho ufuo wake haukumpa kwa miaka 76. Lakini chama chetu kimekwisha kukata shauri: mchango wa mwaka huu ni wa mashua ya kioo huko Kisite, kwa familia nne pamoja, akina mama na mabinti wawe wa kwanza kuhesabiwa. Tutakwenda wakati wa kaskazi, maji yanapotulia na kuwa maangavu. Bibi ameombwa awe mtajaji wa samaki, naye amekubali kwa sharti moja: siku ichaguliwe ya maji mafu, na mashua itoke asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka.