Asumini ya Mlandege

Ukiwauliza wapenzi wengi wa Bara wanakwenda Unguja kufanya nini, jibu ni lilelile: Forodhani, Nungwi, picha mbili tatu, basi. Raha hizo ni haki yenu. Lakini safari hii naomba niwavushe barabara, tuingie Mlandege.

Mtaa huu upo Ng'ambo, jirani na soko la Darajani. Zamani mkono wa bahari uliutenga upande huu na Mji Mkongwe. Maji yalifukiwa, jina la Ng'ambo likabaki. Mchana Mlandege ni biashara tupu: majora ya vitambaa, viatu, vyombo, honi za vespa. Ukitaka kuujua vizuri, pita nyuma ya maduka, uingie uwani.

Mimi nimeolewa Unguja, na uwani kwa mama mkwe wangu ndipo ulipo mwasumini. Ni kichaka cha kumfika mtu kifuani, majani yanang'aa, maua meupe pe. Wataalamu wanauita Jasminum sambac. Asili yake ni Asia ya Kusini, na Ufilipino ndilo ua lao la taifa tangu 1934. Huku kwetu ni ua la mke na mume.

Baada ya sala ya alasiri, mama huchuma matumba yaliyonenepa lakini hayajafunguka, maana asumini hufunguka usiku. Mengine huyatunga kwa uzi na sindano, mengine huyachanganya na rehani na waridi kufanya kikuba cha kuvaa kifuani au kwenye nywele. Yanayobaki hutandazwa kitandani.

"Mwanangu, asumini haina kiporo," aliniambia. "Ukiichuma leo, mumeo arudi leo."

Jamani, maneno yale yalinichoma! Sisi wa maofisini mmoja anaingia saa nne usiku, mwenzake kashalala na simu mkononi. Ua gani litatusubiri?

Na mwasumini wenyewe una siku za kuhesabu. Uwani panajengwa chumba cha duka, na kodi yake italipa ada za wajukuu, kwa hiyo hakuna anayebisha. Mama akashika kisu, akanikatia vipando vinne nikapande nyumbani kwetu, ghorofani Kilimani.

Panda wako

Asumini haitegemei mbegu. Hupandwa kwa kipando. Chagua tawi lisilo changa sana wala gumu kama kuni, ukate urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini, uchomeke kwenye udongo uliochanganywa na mchanga. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu tu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ni mzuri kwa kazi hii. Mizizi huchukua kama wiki 4 hadi 6.

Kikishika, hamishia kwenye chungu chenye matundu chini, utie samadi iliyooza. Sasa kinataka jua, angalau saa 5 au 6 kwa siku. Kivulini utapata majani tu. Mwagilia udongo wa juu ukikauka, maji yasituame, mizizi itaoza. Ukiona wadudu weupe, osha majani kwa maji ya sabuni laini.

Msimu wa maua ukipita, usione huruma: pogoa. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya.

Vipando vyangu viwili vimeshika. Mume wangu ndiye anayemwagilia asubuhi, mimi nachuma jioni, na tumekubaliana siku mbili kwa wiki hakuna wa kuchelewa kurudi. Anzeni na chungu kimoja dirishani, wapenzi. Mkigombana kuhusu nani amwagilie, huo nao ni mwanzo wa kuzungumza.