Sifa za Mjomba

Mjomba wangu alipofariki hapa Kakuma, majirani waliniambia, "Wewe umesoma, andika wasifu wa marehemu." Nikaandika usiku huohuo: alikuwa mtu mwema, mkarimu, mcha Mungu, mpenda watu. Asubuhi nikamsomea mzee mmoja Mkongo, jirani yetu. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani? Maana hata mimi nikifa mtanisomea hiyohiyo."

Nilikasirika kidogo. Si nilitaka kumsifu jamani?

Lakini neno lenyewe likanirudia. Kiswahili nimejifunzia kambini, ila "sifa" nililijua tangu Juba, kwa Kiarabu. Kule sifa ni namna mtu au kitu kilivyo: urefu, rangi, tabia. Kwa kutukuza, Kiarabu kina neno jingine, madh. Waswahili ndio waliolifikisha neno sifa kwenye kutukuza, lakini maana ile ya kwanza hawakuitupa. Angalia ubao wa matangazo ya kazi: "Sifa za mwombaji: cheti cha kidato cha nne, uzoefu wa miaka miwili." Hapo hakuna anayesifiwa. Na wasifu umetoka mzizi huohuo, ule wa kuombea kazi na ule wa kusoma msibani.

Nilikulia Hai Jalaba, Juba. Hata hilo jina lilianza hivyo: jalaba ni wachuuzi waliotoka kaskazini, yaani wenye kuleta bidhaa. Lakini kwa wengi wetu lina uchungu, kwa sababu zamani baadhi yao waliuza hata watu. Neno lilianza kwa kutaja kazi, likaishia kuwa tusi.

Sisi wakimbizi tumezoea kueleza yaliyotupata. Kwenye usaili ndiyo tunayoulizwa. Tulivyokuwa, mara chache mtu anauliza.

Basi nikachana karatasi, nikaanza upya. Aliuza sukari na majani ya chai Hai Jalaba. Alikuwa mkali kwenye mambo ya chenji. Hata mimi mpwa wake hakunisamehe pauni moja. Vita vilipoanza Juba, Desemba 2013, alifunga duka, akaacha godoro, akabeba daftari la madeni. Miaka yote hapa kambini hakulitupa, wala hakumdai mtu. Alisema yale ni majina ya majirani zake, na wengine wamebaki humo tu.

Nilipofika kwenye chenji, watu walicheka, msibani kabisa. Mzee Mkongo akatikisa kichwa taratibu, akakubali. Mama mmoja wa kulekule Juba akafuta machozi, akasema, "Eeh, huyo ndiye."

Jina lake yule mama limo kwenye daftari. Sasa ninalitunza mimi.